Mhina Alipokuwa Akila

Hamisa binti Muhidini alimpenda mumewe kwa jinsi alivyokula. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake mzazi, kwa kuwa angechekwa. Lakini ndiyo kweli yenyewe.

Ulikuwa mwaka wa Uhuru, miezi michache kabla ya bendera kubadilishwa, na baba yake alikuwa ameita watu wamsaidie kuvuna mahindi shambani kwake, Kwaluguru. Mmoja wa walioitika alikuwa Mhina, mgane wa miaka arobaini na kitu, aliyekuwa mpishi kwenye kambi ya wafanyakazi kule Hale walikokuwa wakijenga mtambo wa umeme. Alikuwa amekuja kusalimia ndugu zake, akashika kikapu na kuingia shambani kama wengine.

Jua lilipokuwa utosini, Hamisa na mama yake walitenga bada, ule ugali mweusi wa muhogo, na kisamvu cha nazi. Wanaume wakala, wakanawa, wakaanza kutafuta vivuli. Mhina aliendelea. Alikata tonge, akalizungusha kiganjani polepole, akalichovya, akalitia mdomoni na kufumba macho. Kila baada ya matonge matatu manne alitoa sauti ya chini kooni, kama paka anayekunwa shingo. Alipokwisha kumaliza chakula cha watu watatu, aligeukia upande wa jikoni akapaza sauti.

"Aliyepika humo ndani atoke nimwone!"

Hamisa hakutoka. Alibaki nyuma ya mlango na mwiko mkononi, tabasamu limemjaa uso mzima hata akalazimika kujifunika kanga.

Kwao chakula hakikuwa jambo la kufurahia. Mzee Muhidini alikula kidogo na kwa kimya, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani tangu utoto: tumbo ligawanywe mafungu matatu, moja la chakula, moja la maji, moja la pumzi. Akifikia fungu lake alinawa hata kama sufuria bado imejaa, na watoto nao wakanawa. Hamisa alikua akidhani kushiba ni utovu wa adabu. Sasa kwa mara ya kwanza alimwona mtu anayekula na kusema wazi kwamba anakula.

Posa ilipoletwa, mzee alisita. "Mtu mwenyewe si mbaya," alimwambia mkewe, "ila anakula kama mtu anayegombana." Lakini hakukataa, na kabla ya mvua za vuli Hamisa akawa mke wa Mhina.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Kazi ya Hale ilipokwisha, Mhina alirudi nyumbani na sufuria mbili kubwa, kitambi cha wastani, na rafiki wa kufa na kuzikana. Rafiki huyo aliitwa Bonaventura. Baba yake alikuja zamani kutoka mbali kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Bona, kama walivyomwita, alikuwa amepika kambi moja na Mhina, na sasa aliishi Manundu, Korogwe mjini, na mkewe Stefania. Kila alipopata nafasi alikuja Kwaluguru na dumu la tembo la mnazi. Mhina alikuwa mtu wa kuswali, lakini Bona akifika, swala zilimsubiri. Wawili hao walikaa barazani wakala, wakanywa, wakacheka hata kuku wakashtuka, na Hamisa akawa haishi kwenda na kurudi jikoni.

Hakuchoka hata siku moja. Alinunua samli kwa Wamasai waliopita na ng'ombe wao, akakaangia viazi vitamu. Alipika wali wa nazi, mbaazi, kuku wa kuchoma. Chai ya Mhina aliitia sukari vijiko vitano. Hamisa hakuwa mwepesi wa maneno. Yale ambayo wanawake wengine huwaambia waume zao kwa ulimi, yeye aliyasema kwa mwiko, na Mhina aliyajibu kwa ile sauti ya chini kooni.

Mwaka wa sitini na tisa walihamia kijiji cha ujamaa. Nyumba zikajengwa kwa mistari, pakawa na shamba la kijiji, na siku za kazi ya pamoja Mhina ndiye aliyekabidhiwa jungu. Watu walilima kwa bidii ili wawahi chakula chake. Naye alionja kila sufuria, mara ya kwanza kwa ajili ya chumvi, mara ya pili kwa ajili yake mwenyewe.

Halafu ikaja kiu.

Mwaka wa sabini na moja Mhina alianza kunywa maji kama mtu aliyevuka nyika. Alimaliza mtungi kabla ya adhuhuri. Alikwenda haja ndogo kila mara, na Hamisa akaona sisimizi wakijipanga nyuma ya nyumba pale alipojisaidia. Kitambi kikayeyuka. Jembe likamkata kidole cha mguu, kidonda kidogo tu ambacho zamani kingekauka kwa siku nne, kikakaa wiki sita kikichuruzika. Waliweka majani, wakaweka majivu, wakasomewa dua. Mwishowe Hamisa akamwita kwa jina la binti yao, akamwambia, "Baba Mwaija, twende Korogwe."

Hospitalini walipokewa na muuguzi mmoja wa makamo, Sista Agripina, mwanamke mwembamba mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Walipopimwa walichopimwa na kusubiri walichosubiri, wakaambiwa ni kisukari. Mhina alilazwa. Sista akamwita Hamisa kando.

"Mama, wewe ndiye unayempikia?"

"Ndiyo mimi."

"Basi dawa yake nusu ninayo mimi, nusu unayo wewe." Akachukua bakuli la bati lililokuwa mezani, akaonyesha kwa kidole. "Ugali usizidi hapa. Mchunga, mnavu, majani ya kunde, ale atakavyo. Maharage, sawa. Sukari, asali na tembo asahau. Na asile mpaka ashibe. Ale mpaka njaa iondoke, basi, anyanyuke."

Hamisa aliliangalia bakuli lile. Lilikuwa dogo, la mtoto. "Sista, kuna tofauti gani kati ya kushiba na njaa kuondoka?"

Agripina akalirudisha bakuli mezani. "Kwa mumeo, mama, ni tofauti ya miaka ishirini."

Alipotoka wodini, Mhina alitakiwa abaki karibu na hospitali, achomwe sindano na kusafishwa kidonda kila asubuhi. Bona na Stefania wakamchukua kwao Manundu. Hamisa akarudi kijijini. Palikuwa na zamu za shamba la kijiji, na Mwaija alikuwa bado mdogo.

Wiki haikuisha. Utingo wa basi alimletea salamu: "Mzee anasema anakufa njaa. Anasema wanamlisha majani kama mbuzi."

Hamisa alikaa chini. Alijiona akiwa nyumbani, na unga upo, na nazi zipo, na mumewe mbali anakufa njaa. Sista yule ni mtu wa mjini, alijiambia, hajui njaa ni kitu gani. Siku ya pili akapika wali wa nazi, akaufunga kwenye majani ya mgomba, akakaanga maandazi, akaweka na chupa ya asali mbichi chini kabisa ya kikapu. Akamkabidhi utingo. Kikapu kilirudi kitupu, na ndani yake salamu: "Sasa nimepona."

Akafanya hivyo kila wiki, wiki tano. Siku ya kupika aliamka mwepesi, akaimba. Akilini alimwona Mhina akifungua majani, akifumba macho. Alidhani kwa namna hiyo wako pamoja.

Wiki ya sita aliyekuja na ujumbe hakuwa utingo. Alikuwa Stefania mwenyewe, vumbi la njia nzima likiwa kichwani. "Wifi," alisema, "chukua kanga zako twende."

Walimkuta Mhina amerudishwa wodini. Mguu umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo, na vidole viwili havikuwepo tena. Alikuwa amelala, midomo imekauka, amekuwa mdogo kitandani kama aliyeazimwa mwili wa mtu mwingine. Sista Agripina alisimama upande wa pili.

"Sukari yake ilipanda hata hatukuelewa," alisema. "Sindano anachomwa, na kuhusu chakula nimeshaongea na wenyeji wake. Kuna mtu anamletea vitu. Sijui ni nani, naye hataki kumtaja."

Stefania alitazama sakafu. Hamisa ndiye aliyejibu.

"Ni mimi, Sista."

Agripina hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alisema tu, "Mama, nadhani unampenda sana," kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hamisa alitoka nje, akashika ukuta, akalia kwikwi hadi mwanamke asiyemjua akaja kumshika bega na kumpa pole ya msiba.

Jioni hiyo hiyo alimtumia mwenyekiti wa kijiji ombi la ruhusa, akamwomba mama yake amchukue Mwaija, naye akahamia Manundu. Alikaa miezi mitatu. Asubuhi alimsindikiza Mhina hospitali, mchana alipika. Alinunua sokoni bakuli dogo la bati, akawa anapima nalo. Na yeye mwenyewe alijipimia humo humo.

Siku za mwanzo Mhina alifanya mzaha. Siku zilizofuata aliomba. Kisha akakasirika.

"Niongeze tonge moja," alisema siku moja, bakuli likiwa tupu mbele yake.

"Hapana, baba Mwaija."

"Moja tu. La ukubwa wa kidole."

"Hapana."

"Hamisa." Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. "Wewe ndiye uliyenizoesha. Mimi nilikuwa mpishi wa watu mia mbili. Leo nakaa kwenye nyumba ya rafiki yangu, namwomba mke wangu tonge, ananinyima mbele ya watu. Umenifanya kama mgeni asiyetakiwa."

Hamisa alijikaza. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika mwiko, na ulitaka kwenda wenyewe kwenye sufuria. Akauweka chini ya paja lake, akaukalia.

"Hata mimi sijashiba," alisema.

"Wewe huumwi!"

"Naumwa wewe."

Mhina alimtazama kwa muda mrefu. Siku ile hakuomba tena. Bona, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake cha tembo, alijaribu kucheka ili kupunguza uzito. "Shemeji," alisema, "huyu bwana utamkausha kama dagaa. Mtu hafi kwa kula."

"Na wewe umepimwa lini, shemeji?" Hamisa alimuuliza.

"Mimi najipima kwa kikombe," alijibu Bona, akaenda zake akicheka. Lakini Hamisa aliona miguu yake ilivyovimba juu ya kandambili, na jinsi alivyoshika ukuta akipanda ngazi mbili za mlango wa nyuma.

Kidonda kilikauka. Walirudi kijijini, Mhina na fimbo yake, Hamisa na bakuli lake. Watu walikuja kumwona, na wengi walitikisa vichwa. Wapo waliosema Hamisa amemnyima mume chakula apate kumtawala. Siku za kazi ya pamoja Mhina hakutaka tena kushika jungu. Alisema moshi unamsumbua macho. Kwenye harusi alikaa kidogo, akatoa udhuru wa mguu wake, akaondoka kabla ya sinia kutoka, kwa sababu alijua ipo sauti itakayosema, "Mpisheni Mhina!" na kila mtu atageuka kumtazama.

Mwaka wa sabini na nne mvua zilikata. Mahindi yalikauka yakiwa ya goti, na serikali ikaleta unga wa yanga, ule wa njano, ukagawiwa kwa kila kaya. Watu walihangaika na matumbo yao, lakini nyumba ya Hamisa haikuona tofauti kubwa. Mzee Muhidini, aliyekuwa amepita miaka themanini na bado anakwenda msikitini kwa miguu, alikuja kuwatembelea wakati huo. Alimwona mkwewe akila nusu bakuli, akinawa, akisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo.

"Sasa ndiyo unakula kama mtu," mzee alisema, ameridhika kabisa.

Hamisa aliyekuwa akiokota vyombo alitaka kumwambia baba yake anyamaze. Mhina alikuwa amepona, ndiyo. Rangi yake imerudi, analima nusu eka peke yake, hakohoi, haugui. Lakini alikula kama anavyokula Mzee Muhidini: macho wazi, kimya, akitazama mbali. Ile sauti ya kooni haikuwapo. Hata usingizini hakuitoa. Wakati mwingine Hamisa alipika mchunga kwa nazi kidogo na nyanya, akatia roho yake yote humo, kisha akakaa akisikiliza. Akasikia vidole tu vikigusa bakuli.

Bona alifariki mwaka wa sabini na saba. Alianguka sokoni Manundu asubuhi, akafika hospitali hawezi kusema, na siku ya tatu akafa. Sista Agripina alikuwa amemwambia mara tatu aache tembo na apunguze chumvi na mafuta. Mara zote alimjibu kwa mzaha. Mhina na Hamisa walisafiri na basi la kwanza. Baada ya kuzika, chakula cha msibani kililetwa, wali na nyama, na vijana wakamwekea Mhina sahani iliyojaa kwa heshima, kwa kuwa yeye alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Hamisa, aliyekuwa upande wa wanawake, alimwona akila matonge manne, akasukuma sahani kwa mtu aliye karibu, akanawa. Wengine wakaendelea kula wakisimulia vituko vya Bona na kucheka huku wakilia. Mhina hakusimulia.

Kwenye basi la kurudi alikaa dirishani. Mkonge ulipita mistari kwa mistari, kisha ukaisha, yakaanza mapori ya Handeni. Alisema bila kugeuza uso.

"Sista alituambia mimi na yeye maneno yale yale."

"Aliwaambia," Hamisa aliitikia.

"Mimi nilikuwa na wewe."

"Na yeye alikuwa na Stefania. Stefania alimwomba sana."

"Hapana, wewe hukuniomba. Wewe ulininyima." Basi liliruka shimo, watu wakashikilia viti. "Mama Mwaija, nikwambie kitu, usikasirike. Kuna siku nakushukuru. Naamka, nasikia ndege, naona mguu wangu ungalipo, nasema, mwanamke huyu Mungu amlipe. Na kuna siku sijakusamehe. Leo pale msibani sikuwa nimekusamehe. Nilitaka niwe nimekula naye mpaka mwisho."

Hamisa hakukasirika. Alimshika mkono, mkono mkavu wenye mishipa, akauweka mapajani mwake. "Unafikiri mimi nimejisamehe?" alisema. "Mimi nilikubali kuolewa nawe kwa ulivyokuwa ukila."

Mhina alimgeukia. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kwake kusikia jambo hilo. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke, na utingo aliyekuwa akipita akajifanya hakuona.

Tangu siku hiyo hawakufichana. Wakati wa chakula, wakisha kunawa, mara nyingine Mhina alisema, "Leo Bona angemaliza sufuria," na Hamisa akajibu, "Na ukoko angeukwangua." Walicheka kidogo. Haikuwa kama zamani, lakini ilikuwa yao.

Miaka ikaenda. Mzee Muhidini alifariki kwa utulivu, baada ya swala ya alasiri. Mwaija aliolewa Hale. Wanaume wa rika la Mhina waliohamia naye kijijini mwaka ule wa sitini na tisa walipungua mmoja mmoja, hadi vijana wakawa wanamjia yeye kuuliza mipaka ya mashamba ilivyokuwa. Sista Agripina, nywele zikiwa nyeupe, alimpima mara moja kila mwaka akamwambia, "Mzee, wewe utatuzika sote." Mhina alicheka kwa adabu.

Sikukuu ya Idi mwaka wa themanini na tatu, Hamisa alipika pilau. Mikono yake haikujua kupika kidogo siku ya Idi, kwa hiyo alijaza sahani akazituma nyumba baada ya nyumba, mpaka mstari mzima wa nyumba ukapata. Mhina alikula kipimo chake, akavaa kanzu na kofia, akaenda kuwapa watu mkono wa Idi. Alizunguka kijiji chote kwa miguu, mzee wa miaka sitini na kitu mwenye vidole vinane vya miguu. Mlango kwa mlango alikaribishwa chakula, akashukuru, akaonja punje mbili tatu, akaendelea.

Alirudi alasiri. Alivua kofia, akaketi barazani, akaomba maji. Hamisa alimletea kwenye kikombe, naye akaketi kwenye mkeka, mgongo kwenye nguzo. Harufu ya pilau ilikuwa bado imeshika kijiji kizima. Kutoka nyumba ya tatu walisikia watu wakila, vyombo vikigongana, na mwanamume mmoja akimsifu mpishi kwa sauti kubwa, wengine wakiangua kicheko.

Mhina alitulia akisikiliza. Hamisa alimtazama shingo yake iliyokonda, akatazama miguu yake miwili yenye vumbi la matembezi, na hamu ikamjaa. Alikuwa anamkumbuka mumewe, naye mumewe alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, akinywa maji polepole.

"Nikuongeze?" alimuuliza.

"Yanatosha," alisema Mhina.